Damu Laini na Damu Ngumu: Kidole Kinachobonyeza Chembe Moja
UKURASA WA AFYA YA JAMAA



Mwezi huu tunazungumza juu ya kugusa. Mama akienda soko kununua maembe, hatazami rangi tu. Anabonyeza kidogo kwa kidole. Embe likisukuma kidole, bado halijaiva. Likibonyea kidogo, limeiva. Kidole kikizama, limeoza, hata kama ganda lake linang'aa. Macho hayakumwambia neno hilo, kidole njo kilimwambia.

Watu wa mawe nao wanafanya vile vile. Munaujua mgodi wa Kinsevere, kiasi cha kilometa 30 kaskazini ya Lubumbashi, ambao kampuni ya MMG iliuchukua mwaka 2012 iliponunua kampuni ya Anvil Mining. Mafundi wa madini wanatumia kipimo cha ugumu kinachoitwa kipimo cha Mohs, kinachoanza 1 mpaka 10. Malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, linapata 3.5 mpaka 4. Jiwe jeupe la kwatzi linapata 7. Kisu kinakwaruza malakiti, lakini kwatzi inakwaruza kisu. Basi, ukijua ugumu wa kitu, umekwisha kujua jambo moja kubwa la ndani yake.

Sasa tuulize: je, mtu anaweza kubonyeza chembe moja tu ya damu, ikiwa ingali hai, na kujua kama ni laini ao ngumu? Ndiyo, anaweza. Na jambo hili si la wataalamu peke yao. Linagusa jamaa nyingi za kwetu, kwa sababu ya ugonjwa ule tunaouita SS, na kwa sababu ya malaria, ile tunayoita palu.

CHEMBE NYEKUNDU INAFANYA KAZI GANI?

Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya chembe ndogo sana. Moja ina upana wa mikrometa 7 ao 8. Ukizipanga mstari mmoja, zaidi ya 120 zinaenea katika milimeta moja. Ina umbo la kasahani kaliobonyea katikati. Kazi yake ni kubeba hewa safi, oksijeni, kutoka mapafu mpaka kila kona ya mwili. Inafanya safari hiyo kwa siku 120 hivi, kisha inakufa na nyingine inachukua nafasi yake.

Lakini tazama shida yake. Mishipa mingine ya damu ni myembamba kuliko chembe yenyewe! Chembe inapita namna gani? Inajikunja, inajivuta kama mtu anayepita katika tundu la ua, halafu inarudi katika umbo lake. Ndani ya bandama njia ni nyembamba zaidi tena. Chembe isiyoweza kujikunja inakwama pale. Kwa hiyo ulaini wa chembe nyekundu ni uzima wenyewe.

Mtoto wa SS anazaliwa na hemoglobini iliyo tofauti kidogo. Hemoglobini ni kile kitu ndani ya chembe kinachoshika oksijeni. Yake ikiisha kutoa oksijeni, inashikamana na nyingine na kufanya nyuzi ndefu. Nyuzi hizo zinasukuma ngozi ya chembe mpaka inajipinda kama mundu, na inakuwa ngumu. Chembe ngumu zinaziba mishipa midogo, na mtoto analia kwa maumivu ya mifupa, ya mikono, ya tumbo. Tena hazikai siku 120. Nyingi zinakufa katika siku 10 mpaka 20. Njo maana mtoto anapungukiwa damu na macho yake yanakuwa ya manjano.

Munganga James Herrick wa Chicago aliandika habari ya chembe hizo za mundu mwaka 1910. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini yenyewe njo iliyobadilika. Lakini swali moja lilibaki: chembe hiyo ni ngumu kiasi gani? Kwa kujibu, ilihitajiwa kidole kidogo kuliko chembe.

KIDOLE CHENYEWE NI NINI?

Mwaka 1986 wataalamu watatu, Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber, walitangaza chombo kipya: hadubini ya nguvu ya atomu. Musifikiri ni kama mikroskopi ya laboratware ya lopitalo, ile ya kutazama kwa jicho kupitia kioo na mwangaza. Hii haitazami, inapapasa, kama kipofu anayejua uso wa mtu kwa vidole.

Fikirini ubao mwembamba ulioshikwa upande mmoja tu, upande mwingine unaning'inia hewani. Ubao wa chombo hiki una urefu wa sehemu moja ao mbili za kumi za milimeta. Chini ya ncha yake kuna sindano iliyochongoka sana, ao kidonge kidogo cha duara wakati wanapogusa kitu laini. Ubao unashuka polepole mpaka sindano inagusa chembe. Chembe inasukuma, ubao unajipinda kidogo sana. Lakini nani ataona kupinda kudogo vile?

Hapa kuna werevu. Munajua mchezo wa watoto: mtoto anashika kipande cha kioo kwenye jua na kutupa mwangaza ukutani. Akigeuza kioo kidogo tu, mwangaza unaruka mbali ukutani. Wataalamu wanafanya mchezo ule ule. Wanapiga mwali wa leza juu ya mgongo wa ubao, mwali unarudi na kuangukia kifaa kinachopima nafasi yake. Ubao ukipinda kidogo kabisa, mwali unahama, na mashine inaandika.

Wakijua ubao umepinda kiasi gani, na wakijua ugumu wa ubao wenyewe, wanapata nguvu iliyotumika. Nguvu hiyo inapimwa kwa nanonyutoni. Mbu mmoja ana uzito wa miligramu 2 hivi. Nanonyutoni moja ni kama sehemu moja katika 20,000 za uzito wa mbu huyo. Njo maana chembe inabonyezwa bila kupasuka. Kisha wanapima sindano imezama kiasi gani. Iliyozama sana kwa nguvu ndogo, chembe ni laini. Iliyozama kidogo kwa nguvu ile ile, chembe ni ngumu. Kwa hesabu iliyotoka kwa Heinrich Hertz, Mjerumani wa karne ya 19, wanapata ugumu wa chembe katika kipimo cha paskali.

Kuna jambo lingine zuri. Mikroskopi kubwa za elektroni zinataka kitu kikauke na kuwekwa mahali pasipo hewa, maana yake chembe iwe imekufa. Hadubini hii inaweza kufanya kazi ndani ya mayi yenye chumvi, kwenye joto la mwili, digri 37. Chembe inabonyezwa ikiwa hai.

Lakini tuangalie: hesabu hizi hazilingani kama kilo za soko. Ukibonyeza haraka ao polepole, kwa sindano ao kwa kidonge, juu juu ao kwa ndani, unapata namba tofauti. Kwa hiyo mtaalamu mwenye busara analinganisha chembe ya mgonjwa na ya mtu mzima kwa chombo kile kile, siku ile ile, kwa namna ile ile.

WAMEPATA NINI?

Mwaka 2011, Jamie Maciaszek na George Lykotrafitis wa Chuo Kikuu cha Connecticut, kule Marekani, walitangaza vipimo vya chembe za watu wa AS. AS ni mtu aliyepokea hemoglobini ya SS kwa mzazi mmoja tu. Chembe zake zilikuwa ngumu karibu mara tatu kuliko za mtu wa AA. Musiogope! Mtu wa AS si mgonjwa wa SS. Anaishi, anafanya kazi, anazaa. Afanye tu bidii kunywa mayi ya kutosha kama anafanya kazi nzito kwenye joto. Lakini sindano ilionyesha kwamba hata yeye, damu yake ina alama.

Upande wa palu, kijidudu kikiingia ndani ya chembe nyekundu kinaigeuza. Kadiri kinavyokomaa, chembe inakuwa ngumu zaidi na zaidi, na ngozi yake inaota vinundu vidogo. Hadubini hiyo ya kupapasa imevipima vinundu hivyo. Kwa vinundu chembe inanata kwenye mishipa, hata ile ya ubongo. Njo sababu palu inaweza kumwangusha mtoto asubuhi na kumpoteza jioni.

Kansa ni kinyume chake. Mwaka 2007 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walibonyeza chembe zilizotoka katika mayi ya kifua cha wagonjwa. Zile za kansa iliyosambaa zilikuwa laini zaidi ya asilimia 70 kuliko zile nzuri za mtu yule yule, hata pale ambapo kwa macho zilifanana. Chembe laini inapenya kwa urahisi na kwenda kujenga kwingine.

Na habari ya kutufurahisha inatoka karibu na sisi, Kilifi, kwenye pwani ya Kenya. Kule kuna watu wenye aina ya damu inayoitwa Dantu. Aliyeipokea kwa wazazi wote wawili anakingwa na malaria kali kwa kiasi cha asilimia 74. Sababu haikujulikana. Mwaka 2020 Silvia Kariuki na wenzake, wa Kilifi na wa Cambridge, walitangaza walichopata katika damu ya watoto wazima 42 wa Kilifi. Hawakutumia sindano. Walitumia kamera ya haraka sana, wakatazama ngozi ya chembe inavyotetemeka. Ni kama ngoma: ngozi iliyolegea inacheza sana, ngozi iliyokazwa inacheza kidogo. Waliona kwamba ngozi ya chembe za Dantu imekazwa zaidi, na ikipita kiasi fulani cha kukazwa, kijidudu cha palu kinagonga mlango lakini hakiingii.

Munaona basi? Ugumu si mubaya siku zote, na ulaini si mzuri siku zote. Kila chembe ina kipimo chake kinachoifaa.

TURUDI NYUMBANI: NANI ALILETA SS?

Mambo haya yote yanatufaa nini? Yanatufaa kwanza kwa kuondoa maneno mabaya katika nyumba. Munajua vile inavyokwenda. Mtoto anaanza kuvimba mikono na miguu, analia usiku, jamaa inakimbia huku na huku. Wengine wanataja ndoki. Wengine wanamfukuza mama. Mwishowe wanafika kwa munganga, na mazungumzo yanakuwa kama haya:

– Baba, Mama, mutoto iko na SS.

– Munganga, mu famii yetu haiko hata mutu mumoja wa SS. Hii bugonjwa inatoka ku bibi.

– Hapana, Baba. Inatoka kwenu wawili. Weye uko AS, na Mama iko AS.

– Lakini miye sina bugonjwa!

– Njo vile, Baba. AS haina bugonjwa. Lakini mutoto alikamata nusu kwako na nusu kwa mama yake.

Munganga anasema kweli. Baba na mama wakiwa AS wote wawili, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuwa SS, mbili katika nne za kuwa AS, na moja katika nne ya kuwa AA. Na ni kila mimba, upya. Mtu asiseme: «Tulikwisha kupata mmoja wa SS, watatu wanaofuata watakuwa wazima.» Damu haihesabu vile.

Tena si jambo la nyumba moja. Kule Kinshasa, Munganga Léon Tshilolo na wenzake walipima watoto wachanga 31,204, wakatangaza matokeo mwaka 2009. Watoto 428 walikuwa SS, na 5,276 walikuwa AS. Maana yake karibu mtoto mmoja katika kila 6 alikuwa AS. Kwa nini wengi vile? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba watoto wa AS wanakingwa na palu kali. Mahali penye mbu wengi, watu wa AS walibaki hai, wakazaa, wakarithisha. Si laana, si ndoki. Ni alama ya vita ya zamani kati ya babu zetu na mbu.

MASHINE ILE HAIKO KWETU. TUFANYE NINI?

Mutu asiende kuuliza hadubini ya nguvu ya atomu kwenye kituo cha afya. Ile ni ya watafiti. Lakini elimu yake inaeleza kwa nini munganga anatupa mashauri haya:

1. Mupime damu mapema. Kuna kipimo cha Emmel: tone la damu linanyimwa hewa, na chembe zinatazamwa kama zinajipinda. Ni rahisi, lakini hakitofautishi AS na SS. Kinachotofautisha ni elektroforezi, na siku hizi kuna vipimo vya haraka vya tone moja. Muulize ni kipi kilichofanywa, na muhifadhi karatasi.

2. Mayi. Mwili ukikauka, hemoglobini inasongamana ndani ya chembe na kushikamana haraka. Mtoto wa SS anywe mayi mara nyingi, na nyumbani ao shuleni asizuiliwe kwenda kukojoa.

3. Baridi. Katika mwezi wa sita na wa saba, asubuhi za kwetu ni kali. Baridi inabana mishipa, na chembe ngumu zinakwama. Avae soksi na nguo ya moto, asioge mayi ya baridi.

4. Chandarua kila usiku. AS inakingwa na palu kali, lakini mtoto wa SS palu inaweza kumwua upesi. Musichanganye hayo mawili.

5. Homa. Ikifika digri 38.5, ni lopitalo mara moja, hata usiku. Musingojee kesho. Bandama yake inaharibika mapema, basi kinga yake ni ndogo. Chanjo zote afuate, na dawa ya penisilini ya kila siku kwa watoto wadogo kama munganga ameandika.

6. Mkono wa mama. Huu ni ule ule ujuzi wa soko. Mwombeni munganga awafundishe kupapasa bandama, chini ya mbavu za kushoto. Mujue ukubwa wake mtoto akiwa mzima. Ikiwa siku moja imevimba ghafula na kuwa ngumu, na mtoto amekuwa mweupe, amelegea, damu nyingi imefungwa mule ndani. Hapo saa moja ni ya thamani. Mukimbie. Wazazi waliofundishwa hivyo wanaokoa watoto wao.

7. Dawa. Kuna dawa inayoitwa hidroksiyurea. Inaamsha tena hemoglobini ya utoto wa tumboni, ambayo haishikamani, na chembe zinabaki laini zaidi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019 ulifuata watoto 606 wa Kongo, Angola, Kenya na Uganda waliopewa dawa hiyo. Mbele ya dawa, kwa kila watoto 100 katika mwaka mmoja, shida za maumivu zilikuwa 98. Kwa dawa zilishuka mpaka 45 hivi. Kuongezewa damu kulishuka kutoka mara 43 mpaka 14, na vifo kutoka 3.6 mpaka 1.1. Lakini ni dawa ya kuandikiwa na munganga, na ya kupimwa damu mara kwa mara. Musinunue mu njia!

8. Vijana. Mbele ya kutoa mahari, mupimwe wote wawili. Si kwa kutafuta sababu ya kuachana. Ni kwa kujua, na kuamua kwa macho wazi. Wawili wa AS wakipendana na kuoana, wajue kwamba kila mtoto apimwe akiwa mchanga, na baba asije kesho kusema «hii damu si yangu».

Na wewe Baba unayerudi kutoka kazi umechoka, mkono wako nao unaweza kujifunza. Mama akiwa safarini ao akilala mgonjwa, nani atapapasa tumbo la mtoto? Ingieni wote wawili kwa munganga, mufundishwe pamoja, na hata mtoto mkubwa wa nyumba afundishwe.

Mwezi ujao tutaendelea na chakula cha mtoto anayepungukiwa damu: sombe, maharagi na samaki vinavyosaidia, na nini kisichofaa. Mubaki na amani.